Mume wangu amepatwa na ugonjwa wa kusahau: talaka aliyotamka, swala yake na mali yake

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mume wangu ana miaka 53, ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Kwa muda sasa akili yake imebadilika. Alianza kusahau bei za bidhaa anazouza kila siku, akawa anawatumia watu tusiowajua pesa kwa M-Pesa, na yeye aliyekuwa mtu wa haya akaanza kusema maneno ya aibu mbele ya wakwe. Daktari bingwa ametwambia ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uliomjia mapema. Akiswali huzidisha rakaa, au huswali Adhuhuri mara mbili. Usiku mmoja hakunijua, akataka kunitoa nje, akasema "nimekuacha, talaka tatu". Asubuhi akaniuliza mbona sijamtilia chai. Mashemeji wanasema amechezewa na wanataka kumpeleka kwa mganga, na papo hapo wanataka shamba lake la Kwale liuzwe. Kila siku humuulizia mamake aliyefariki 2011. Nikimwambia amekufa, hulia kama ndiyo kwanza asikie. Wanetu wawili wa kiume ni watu wazima lakini kazi yote ni yangu. Je, bado mimi ni mkewe? Na siku nyingine humfokea. Nina dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah wabarakatuh. Dada yangu, nianze na talaka, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Katika riwaya moja kwa Abu Daud ametajwa pia aliyepiswa, yaani aliyepotewa na akili kwa uzee. Mtu ambaye saa ile hamjui mke wake, anamdhania mgeni aliyeingia nyumbani, kisha asubuhi hana habari ya alilolisema, talaka yake haipiti, awe ametaja moja au tatu. Na maadamu ugonjwa ulikwisha kujulikana na daktari kabla ya usiku ule, ndoa yenu ni yakini, na yakini haiondolewi na shaka. Hata hivyo, nenda kwa kadhi na barua ya daktari, uandikiwe. Nasema hivi kwa sababu ya mirathi: siku moja, Allah ampe umri, atatokea mtu wa kusema uliachwa.

Ama swala na funga, hali yake ina sura mbili, na nyinyi wa nyumbani ndio mtakaoijua kila siku ilivyo. Saa ambayo anafahamu kuwa huu ni wakati wa swala na hii ni swala, swala bado ni wajibu wake, ila asilazimishwe kuhesabu asichoweza. Njia nyepesi ni kumswalisha jamaa nyumbani. Mmoja wa wanao awe imamu, yeye awe maamuma, amfuate anaporukuu na anaposujudu. Hapo hana haja ya kukumbuka rakaa. Kumtia udhu inajuzu, maadamu nia ni yake. Saa ambayo haelewi lolote, hana swala na hana kadha ya kuilipa baadaye. Akisimama kuswali Adhuhuri tena, mwache. Msimkate wala msimcheke. Na Bukhari amepokea kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Ikiwa huyu alikuwa mtu wa msikitini alfajiri, tunataraji alfajiri zake bado zinaandikwa.

Ramadhani ni hivyo hivyo. Siku ya ufahamu akifunga kisha akala kwa kusahau, funga yake ni sahihi kwa nassi ya hadithi. Ugonjwa ukizidi mpaka akawa hajui funga ni nini, hafungi, halipi, wala hatolewi fidia, yaani chakula cha maskini badala ya funga. Fidia ni ya mzee au mgonjwa mwenye akili zake asiyeweza kufunga.

Kuhusu mamake, huna ulazima wa kumfisha mama yule kila asubuhi. Imepokewa kutoka kwa maswahaba kwamba katika maneno ya kuashiria mna nafasi ya kumwepusha mtu na uongo. Mwambie, "Unamkumbuka mama? Hebu tumwombee dua." Mwambie, "Mama alikuwa akipika nini siku ya Idi?" Atazungumza, atatulia, na wewe hukusema uongo hata kidogo.

Hili la mganga nitalipita haraka. Kumsomea Qur'ani ni suna, msomeeni. Kumpeleka kwa mpiga ramli ni haramu, na mashemeji wajue hivyo. Maradhi haya hayakuanza jana wala hayakuanza kwetu. Mgonjwa wa kwanza aliyeelezwa na tabibu Mjerumani Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa umepewa jina lake, alikuwa mwanamke wa miaka 51 tu alipolazwa mwaka 1901. Na ile haya iliyopotea si tabia mbaya iliyofichika miaka yote. Ipo aina ya maradhi haya, inayowapata sana watu wa makamo, ambayo huanza kwa kuharibu mwenendo kabla ya kumbukumbu. Msamehe maneno yake. Mtume ametuamrisha tujitibu, kwa hiyo muulizeni daktari kama amekwisha kuangalia tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende na damu iliyovilia kichwani, kwani haya nayo huvuruga akili na yana tiba.

Sasa mali, na hapa nitasimama zaidi, kwa sababu nimeona familia nyingi zikiharibikiwa hapa. Mali ya mgonjwa ni yake mpaka siku ya kufa kwake. Hakuna mrithi wa mtu aliye hai. Shemeji anayesema shamba liuzwe "kabla halijapotea" hana haki nalo hata pima moja. Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 5, imetukataza kuwaachia mali wasioweza kuisimamia, na hapo hapo imeamrisha walishwe na wavishwe kutokana nayo na waambiwe maneno mema. Kwa hiyo kumwondolea simu yenye M-Pesa na ufunguo wa duka si dhuluma, ni amri, ila fanyeni kwa kauli njema. Mpe pesa kidogo mfukoni, asijione amekuwa mtoto.

Anayesimamia ni nani? Katika madhehebu ya Imam Shafi'i ni baba, kisha babu, kisha waliyemwusia, kisha kadhi au aliyewekwa naye. Ndugu hajipachiki, na wewe mke pia hujipachiki. Hapa Kenya, Mahakama ya Kadhi inahusika na ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Usimamizi wa mali ya aliyeharibikiwa na akili huombwa Mahakama Kuu, kwa ripoti ya daktari. Ombeni. Msimamizi hauzi ardhi ila kwa haja ya mgonjwa au faida iliyo wazi kwake, anaweka hesabu ya duka, na anatoa zaka yake kila mwaka, kwani kwa Shafi'i zaka haimwondokei mtu kwa kuondokewa na akili.

Umeuliza kama una dhambi kwa kumfokea. Omba maghufira na umsemeze vizuri, ingawa atakuwa amesahau. Lakini swali lako limenionyesha kosa lililo kubwa kuliko hilo, nalo si lako. Kwa kauli mashuhuri ya madhehebu yetu, kumhudumia mume si wajibu wa kisharia juu ya mke. Ufanyayo ni ihsani, na ujira wake uko kwa Allah. Bali wanao wawili, kumhudumia baba yao ni wajibu. Aya ya Suratul Israa iliyokataza kumwambia mzazi "ah!" inawahusu wao kabla yako, na aliyeteremsha hakuwapa ruhusa ya kutuma salamu tu. Wapangie zamu: mmoja usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mwingine amwogeshe na kumpeleka msikitini. Ukifika mahali huwezi tena, wanachuoni wameruhusu mke kuomba ndoa ivunjwe kwa sababu ya kuharibikiwa akili kwa mume. Sikushauri hilo, nakutajia ili asikudanganye mtu kwamba sharia imekufunga.

Na akihitajika mtu wa kumlinda mchana, aajiriwe, mshahara wake utoke katika duka la mgonjwa mwenyewe na uandikwe kwenye hesabu. Mashemeji wakiulizia pesa zinakwenda wapi, waonyesheni daftari.

Wallahu aalam.