Andikeni Historia ya Kundi Lenu la Skauti Wazee Wangali Hai

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba kamati ya kundi la skauti la kijijini kwao imemkabidhi kazi ya kuandika historia ya kundi hilo. Anauliza aanzie wapi. Swali lake limenigusa penye kidonda, maana kazi hiyo nimeifanya, na kilichonisukuma kuifanya kilikuwa uchungu.

Kundi letu lilipofanya sherehe ya kumbukumbu, kilichapishwa kijitabu chenye picha za rangi. Nilikisoma chote, jalada hadi jalada. Kilijaa majina ya wageni rasmi na hotuba zao. Mwalimu aliyetufundisha kupeana mkono wa kushoto na kuinua vidole vitatu, aliyetuamsha kambini alfajiri kwa filimbi, hakutajwa hata mara moja. Naye alikuwa hai, amekaa safu ya nyuma na skafu yake iliyopauka shingoni. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nikaamua kuiandika mwenyewe.

Nilianza na daftari la kikosi, yaani sehemu ndogo ya kundi. Tulikuwa Kikosi cha Tai, wavulana wanane chini ya kiongozi aliye rika letu, na mmoja wetu alikuwa mwandishi. Mpango huu wa vikosi ni wa tangu kambi ya kwanza kabisa, ile ya Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, ambako Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika vikosi vinne. Walikuwamo watoto wa matajiri na watoto wa vibarua, wote wakilala katika kambi moja. Daftari letu liliandika mambo ambayo hakuna mgeni rasmi angeyajua: nani alikesha akilinda moto, nani alivishwa skafu siku moja na nani, nani alirudishwa nyumbani kwa homa na wenzake wakambebea mzigo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo historia ya kundi. Basi ushauri wangu wa kwanza: litafuteni daftari. Liko kwenye sanduku la mtu fulani, na mtu huyo hajui kwamba mnalitafuta.

Halafu nendeni kwa wazee, na msiende mikono mitupu. Mzee mmoja nilimhoji asubuhi nzima. Kila nililouliza alinijibu, “Sikumbuki, mwanangu.” Nilipokaribia kuaga nikampa vipande viwili vya kamba. Mikono yake ikaviunganisha kwa fundo hata bila kuvitazama, na hapo hapo akanitajia aliyemfundisha fundo hilo, na aliyekuwa akilikosea kila siku mpaka kikosi kizima kikapoteza alama kwenye mashindano. Alizungumza hadi jua likazama. Mpe mzee kamba, mpe filimbi, mpe skafu aishike. Maswali ya mwaka na tarehe yaje baadaye.

Na tarehe nazo hupatikana. Huyo huyo aliniambia kaka yake aliapishwa mwaka aliofariki Baden-Powell. Mwaka huo unajulikana: alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri, Kenya, na jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo kwa skauti maana yake ni “nimekwenda nyumbani”. Kwa neno lile moja la mzee nikajua kundi letu lilikuwapo kabla hata mwalimu wetu hajazaliwa. Yeye alilifufua. Nilipompelekea rasimu alisahihisha majina mawili, kisha akaniongezea mengine mengi ya wavulana ambao wenzao tulikuwa tumewasahau. Jina lake mwenyewe hakuligusa.

Waulizeni na kina mama. Dada zetu ndio walioshona skafu za mwanzo, na walizijua nyimbo za kambini kuliko sisi. Wasichana hawajaanza jana kuutaka uskauti: mwaka 1909, kwenye mkutano wa skauti wa Crystal Palace, London, walijitokeza wenyewe wakiwa wamevaa kiskauti, na mwaka uliofuata Girl Guides, chama cha wasichana cha namna hiyo, ikaundwa. Historia ya kijiji inayowataja wavulana peke yao ni nusu ya historia.

Nanyi viongozi wa leo, nawaambia bila kuficha: picha za simu mnazorushiana hazitoshi. Simu hupotea, na picha isiyo na majina baada ya miaka michache ni sura za wageni. Kila kikosi kiwe na mwandishi wake, kuanzia mkutano wa wiki hii. Andikeni majina yote, ya aliyepata beji na ya aliyeikosa. Mnawafundisha watoto “Uwe Tayari”. Basi na kundi liwe tayari kuwajibu wajukuu wake. Msisubiri sherehe wala mfadhili. Msisubiri.

Kwako ndugu uliyeniandikia: ukimaliza, toa nakala tatu hata kama ni za mkono. Moja wape waliokusimulia, waisome na wakusahihishe. Ya pili ikae na vifaa vya kundi. Ya tatu iwe nyumbani kwa mtu asiye na cheo chochote, kwa sababu viongozi hubadilishwa, na mara nyingi huondoka na sanduku.