Je, kuna "upendeleo dhidi ya" mtu?

SWALI: Niliandika hivi katika makala yangu: "Sheria inatekelezwa kwa upendeleo dhidi ya wahamiaji haramu." Mhariri akafuta "upendeleo", akaweka "ubaguzi". Je, maneno haya mawili si mamoja?

JIBU: Si mamoja, na mhariri wako ana haki. Ukimpendelea mtu, umempa zaidi ya stahili yake. Anayependelewa ndiye anayefaidi. Tuseme ofisa anawafumbia macho watu wa taifa fulani ambao viza zao zimekwisha, kisha anawakamata wa taifa jingine kwa kosa lilelile. Wale wa kwanza amewapendelea, hawa wa pili amewabagua. Wewe ulikuwa unawasemea wanaoumia, kwa hiyo "upendeleo dhidi ya" haikai.

Lakini ubaguzi ni tuhuma nzito, maana kubagua ni kutenga, na mwandishi aonyeshe nani alitengwa na nani. Katika kesi ya Yick Wo, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1886, jiji la San Francisco lilitaka kila mwenye biashara ya udobi ndani ya jengo la mbao aombe kibali. Sheria yenyewe haikutaja Wachina popote. Hata hivyo, Wachina wapatao 200 walinyimwa kibali, na wasio Wachina wapatao 80, wenye biashara ileile, wakaachwa waendelee. Majaji walisema sheria ikisomeka vizuri lakini ikatumiwa kwa mkono usio sawa, haki imevunjwa. Huo ndio ubaguzi uliothibitika. Ofisa akimsumbua mtu mmoja kwa chuki zake tu, sema uonevu.

Hukuniuliza kuhusu "wahamiaji haramu", ila siwezi kulipita. Pesa huwa haramu, biashara huwa haramu, mtu, hapana. Aliyeiba hatumwiti "raia haramu", hata akishafungwa. Kwa nini basi mgeni abebeshwe jina hilo kabla hata hajafikishwa mbele ya hakimu? Tangu mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka hati zake ziwataje wafanyakazi wahamiaji wa namna hiyo kuwa wasio na hati. Kwa Kiswahili, "wahamiaji wasio na vibali" inatosha kabisa. Akishakamatwa ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka, mshtakiwa. Mhalifu ni baada ya hukumu.

Ningeandika: "Sheria inatekelezwa kwa ubaguzi dhidi ya wahamiaji wasio na vibali." Kisha, katika aya inayofuata, ningetaja ni akina nani walioachwa.