Wolpepa ya nakshi: kilichonikuta Kigamboni

Mkuu, umesema umenunua Kariakoo roli nne za wolpepa nyeupe yenye nakshi zilizoinuka, unataka kuibandika sebuleni mwenyewe kisha uipake rangi, na fundi amekwambia kwa hali ya hewa ya Dar haidumu. Kwangu Kigamboni ina mwaka wa tatu na masika imeyaona. Inadumu, ila ukuta uwe mkavu.

Kabla hujafungua roli, chukua kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani kwenyewe, usibandike kitu. Papasa na chini karibu na sakafu: unga mweupe unaobaki kidoleni ni chumvi, na chumvi itaisukuma karatasi hata gundi iwe nzuri vipi. Ukuta wangu unaopakana na choo niliuacha bila wolpepa hadi leo.

Ukiwa mkavu, kwangua rangi inayobabuka, piga puti na msasa, kisha paka gundi iliyozimuliwa kwa maji, iache ikauke. Bila hivyo lipu inanyonya gundi yote, unakosa nafasi ya kusogeza karatasi.

Sasa kulowana. Wolpepa nzito ya karatasi ikipata gundi inatanuka. Ukiiwahisha ukutani itatanukia huko na kufanya malengelenge, na ikikauka inasinyaa, maungio yanaachia. Kila kipande kilowane dakika zilezile. Lebo ikisema kumi, ni kumi. Mimi kipande cha kwanza nilikipa kama tano, cha pili kikakaa robo saa kwa sababu muuza maji aligonga geti nikaenda kumfungulia. Juu maua yalikutana vizuri. Kufika usawa wa soketi yalikuwa yamepishana upana wa kidole. Nilivibandua vyote viwili, na tangu hapo kila kipande nikakiandikia saa kwenye boksi.

Kipande cha kwanza kifuate timazi, usifuate kona, kona zetu nyingi hazijanyooka. Toa hewa kwa brashi laini ukianzia katikati. Kale karola kadogo ka kukandamizia maungio usikatumie kabisa: kanalaza nakshi, na mstari bapa unabaki kuonekana hata baada ya rangi. Feni nayo zima, ikikauka kwa haraka maungio yanafunguka.

Nilisubiri siku tatu ndipo nikapaka. Rangi ya maji, brashi kwanza kwenye vibonde vya nakshi, halafu rola ya manyoya marefu, koti mbili nyepesi. Ukipaka nzito vibonde vinajaa na ua lote linapotea.

Kuna aliyekushauri utafute Lincrusta. Hiyo nayo ni ya kubandika ukutani na ina nakshi, ila ni kitu kingine, ilibuniwa na Frederick Walton wa Uingereza mwaka 1877 kwa mafuta ya kitani yaliyogandishwa. Ni nzito zaidi, ngumu, ina gundi yake. Usiichanganye na ya kwako.

Ila kama roli zako ni za plastiki inayong'aa, nyingi za aina hiyo rangi haishiki vizuri. Tuma picha ya lebo kabla hujakoroga gundi.