Kabla hujamtoa shule mtoto aliyeambiwa "hafundishiki"

Mleta mada, umesema mwalimu kakwambia mpwa wako wa miaka 9 "hafundishiki", ukauliza kama bora abaki nyumbani. Nafundisha kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili mwaka wa 20 huu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Hilo neno mwalimu hakulitunga. Hata sisi chuoni tuliandikishwa mafungu matatu: wanaoelimika, wanaofunzika, na wa kutunzwa tu. Fungu lilitoka kwenye namba ya IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, na namba yenyewe haijatulia. Marekani, chama cha wataalamu wa fani hii kilikuwa kinaanza kuhesabu ulemavu chini ya 85 hivi. 1973 kikashusha hadi 70 hivi. Kalamu ile "iliponya" watu wengi kuliko daktari yeyote! Mwaka 1992 chama hichohicho kikaweka kando zile ngazi za ulemavu mdogo, wa kati, mkubwa na mkubwa sana, kikaanza kuuliza: huyu anahitaji msaada gani, wapi, kiasi gani? Mimi nimesoma zaidi ya miaka 10 baada ya hapo, na daftari langu bado lina mafungu matatu.

Kilichonibadilisha ni binti mmoja wa miaka 14. Mwaka mzima tunahangaika na moja hadi kumi, hazikai. Nikaacha namba, nikashika rangi. Buku, noti ya elfu moja, ni ya bluu, hiyo unaenda nayo dukani. Msimbazi, noti ya elfu kumi, ni nyekundu, hiyo hutoi mpaka mama awepo. Tukaenda naye kwa muuza genge, tukamweleza. Binti alikosea, tena sana, lakini yule mama wa genge alikuwa anamsubiri hadi akumbuke alichotumwa. Baada ya miezi kadhaa akawa anarudi na chumvi, kiberiti, na chenji kaifunga kwenye pindo la khanga. IQ yake sidhani kama ilipanda hata moja. Msaada ulikuwa kule gengeni.

Hata vifungo vya shati ni hivyo. Mfungie vyote, mwachie cha mwisho amalizie yeye. Akikiweza, mwachie viwili. Watu wengi wanaanza na cha juu, mtoto anachoka, anaitwa zezeta.

Sasa wewe: mpeleke kwanza akapimwe masikio na macho. Nimepokea "taahira" wawili ambao walikuwa hawasikii vizuri, basi. Usikubali pia watu wakuchanganyie ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili, hayo ni mambo mawili. Kitengo au darasa la kawaida, inategemea shule iliyo karibu. Elimu jumuishi, yaani wenye ulemavu na wasio nao darasa moja, ikiwa ni watoto 100 na mwalimu mmoja, mimi siiungi mkono kwa jina tu. Ila kubaki nyumbani, hapana. Sheria yetu ya Tanzania ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma.

Halafu rudi utuambie: akitumwa dukani, anakwama wapi hasa?