Nilimnyima mama mayai kwa sababu ya macho yake

Mama alipoanza kumimina chai nje ya kikombe nilijua macho yanamtupa. Kwenye mboni palikuwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele. Mimi mwalimu wa biolojia nikajitia utabibu: nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtoto wa jicho, yaani ukungu unaotanda kwenye lenzi ya jicho, ana uhusiano na mafuta ya kwenye lenzi hiyo, hasa lehemu (kolesteroli). Basi nikapiga marufuku mayai na samli, nikamwachia uji na mchicha wa kuchemsha. Miezi minne! Alikonda, na weupe uko palepale.

Uhusiano upo kweli, ila niliugeuza kichwa chini miguu juu. Seli za lenzi ni ndefu, zimepangana tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Zile za katikati kabisa umezaliwa nazo na utazikwa nazo, hazibadilishwi. Kila seli imefunikwa na utando wa mafuta, na hakuna utando mwilini wenye lehemu nyingi kama huo. Lehemu hiyo si uchafu. Ndiyo inayoutuliza utando ili mwanga upite bila kutawanyika. Tena lenzi haina mishipa ya damu, na lehemu yake hujitengenezea kwa sehemu kubwa. Yai la mama lilionewa tu.

Wamarekani wanaikumbuka triparanoli, dawa ya kushusha lehemu iliyouzwa huko miaka ya 1960. Ilizuia hatua ya mwisho ya mwili kutengeneza lehemu. Mwaka 1962 ikaondolewa sokoni, maana baadhi ya waliomeza walipata mtoto wa jicho. (Dawa yako ya lehemu ya leo si hiyo. Usiiache kwa sababu yangu.)

Kinachoharibu ni miaka. Mafuta ya utando hubadilika na kuchakaa, protini za ndani hugandana, ukungu ukatanda. Jua kali, sigara na kisukari huharakisha. Pia yale matone ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, ambayo watu hununua duka la dawa kila jicho likiwasha, bila kuandikiwa na daktari. Hayo naomba muyaogope.

Shemeji yangu naye alileta kichupa alichoagiza mtandaoni, eti kinayeyusha ukungu. Kina lanosteroli, mafuta ambayo mwili huyapitia katika kutengeneza lehemu. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba imepunguza ukungu kwenye lenzi za mbwa, lakini waliojaribu kwenye lenzi zilizotolewa kwa wagonjwa hawakuona badiliko. Nilikiweka juu ya kabati, shemeji asione.

Majirani nao walishauri tusubiri mtoto "akomae". Daktari wa macho alicheka: hayo ni ya zamani, na akikomaa sana kazi huwa ngumu zaidi. Mgonjwa hufanyiwa upasuaji pale kuona kunapomkwamisha shughuli zake. Akampima mama sukari na presha ya macho, akampangia siku. Foleni ilikuwa ndefu kuliko upasuaji wenyewe: walitoa lenzi yenye ukungu, wakaweka ya bandia, jioni tukarudi nyumbani.

Asubuhi bandeji ilipotolewa alinikazia macho kwa muda mrefu.

"Mwanangu, kumbe umeota mvi hivi?"

Kisha akauliza kama kuna mayai nyumbani.