Kabla ya Kuuliza Vituo vya Kuchaji, Uliza LUKU ni ya Nani

Juzi mdau mmoja wa Madale kaniandikia: "Kaka, nimepata Nissan Leaf, bei nzuri. Ila huku kwetu sijaona pa kuchajia. Ninunue au nisubiri?"

Mdau wangu, ukisubiri vituo vifike Madale utazeekea kwenye daladala. Mimi nipo Goba, kituo cha umma cha kuchajia sijakiona mtaani kwetu, na Posta naenda na kurudi. Gari la umeme linachajiwa pale linapolala. Sasa wewe niambie: LUKU ya hapo unapolala ni ya nani?

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa nimepanga nyumba ya wapangaji wanne, mita moja, umeme tunachangishana. Gari lilipoingia tu uani, kila yuniti iliyoisha ikawa yangu. Friji za watu zinanguruma mchana kutwa, pasi kila alfajiri, lakini mmaliza umeme ni mimi! Nikawapelekea hesabu kwenye karatasi: betri ya yuniti 24, kwa bei ya T1, lile kundi la matumizi ya kawaida, ya kama shilingi 356 kwa yuniti, haizidi elfu kumi hata ukiijaza kutoka sifuri, na hiyo nalipa mwenyewe. Nani aisome? Asubuhi moja nakuta waya umechomolewa usiku, gari halina kitu, na mapazia yanachezacheza madirishani. Mpaka leo nikipita ile nyumba napiga honi, maana gari lenyewe halina mlio.

Nikahamia penye mita yangu. Fundi kaniwekea soketi ya gari peke yake, waya mnene kutoka kwenye sakiti breka yake, na waya wa kushuka ardhini. Ekstensheni usiguse, nakuomba. Kilowati mbili na kitu zikipita humo usiku kucha, ile ya bei chee inayeyuka. Na kama nyumba ipo D1, lile kundi la bei nafuu la wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, agana nalo mapema. Ukijaza betri hiyo mara nne umeshavuka.

Wana-Dar tunapenda sana kuletewa. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa la megawati 2,115, bado mtu anakaa barazani anasubiri na soketi aje kufungiwa! Jipange kwako, ndugu yangu. Pambana na mita yako kwanza.

Halafu hata ukibahatika kukuta kituo mjini, tundu la chaji ya haraka la Leaf ni CHAdeMO, la Kijapani. Magari ya China yana la kwao, ya Ulaya la kwao. Dalali atakuapia yote ni sawa. Mwambie afungue kifuniko cha mbele akupigie picha ya tundu, kisha awashe gari apige picha na dashibodi. Vile vipau vya afya ya betri huwa 12 likiwa jipya. Ukihesabu chini ya tisa, shusha bei au mwachie gari lake.