Bolivia: anzia chini, panda taratibu

Wageni wengi wa Bolivia huiharibu safari siku wanayokata tiketi, kwa kuchagua ndege ya La Paz. Uwanja wa huko, El Alto, uko mita 4,060 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko vibanda vya Horombo kule Kilimanjaro (mita 3,720), ambako mtu hufika kwa mguu baada ya siku mbili. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Usiku wa kwanza kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi hauji.

Tua Santa Cruz, kwenye mita 400 tu. Kukaa huko wiki nzima hakukuzoeshi milima. Kinachokuzoesha ni Sucre (mita 2,800), ulale siku tatu. Kisha shika basi la Uyuni, mji ulio kando ya uwanda mkubwa wa chumvi. Potosí, iliyo njiani, inazidi mita 4,000, basi ipite tu bila kulala. La Paz iwe mwisho, na chumba utafute Zona Sur, mita 300 hivi chini ya katikati ya mji. Matajiri wa La Paz huishi bondeni, na wana sababu.

Asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, humezwa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa salfa amuone daktari kwanza. Chai ya koka ni halali huko na inachangamsha, ila si tiba, na majani yake usiyatie begini unaporudi: Afrika Mashariki yanahesabika dawa za kulevya.

Anayepepesuka, au anayehema ilhali amekaa, ashushwe siku hiyohiyo. Hapo ramani inadanganya: Coroico iko bondeni karibu na La Paz, lakini barabara yake hupanda kwanza La Cumbre, mita 4,650 hivi. Kwa hiyo mgonjwa aliye La Paz apelekwe kwanza hospitali akapewe oksijeni.

Nyanda za chini zina homa ya manjano. Chanja siku 10 kabla ya kuingia. Koti nalo lisibaki milimani: kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, surazo, huipoza Santa Cruz ghafla.

Kabla ya ndege ya kurudi acha siku mbili tupu. Mgomo ukizuka, barabara kuu hufungwa kwa mawe, na basi halipiti.